Nani Alikuwepo Manzese Darajani?

Saa mbili usiku daraja la waenda kwa miguu la Manzese limejaa. Chini yake Barabara ya Morogoro inabeba mzigo wake wa kila jioni: mabasi ya mwendokasi katikati, daladala na malori pembeni, bodaboda na bajaji popote penye upenyo. Kandokando kuna wauza viatu vya mtumba waliotandaza turubai, wauza pweza, wapiga debe, vijana wanaotoka masomo ya jioni, akina mama wanaorudi nyumbani na mabeseni matupu kichwani. Mpiga picha akiweka kamera yake juu ya stendi ya miguu mitatu, akabana tundu la lenzi na kuacha shata wazi kwa sekunde 30, ataondoka hapo na picha ambayo karibu wote hao hawamo. Barabara itaonekana kama imefagiwa. Upande mmoja patakuwa na mistari myeupe ya taa za mbele, upande wa pili mistari myekundu ya taa za nyuma. Mabango ya maduka yatasomeka herufi kwa herufi. Mlinzi aliyekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya duka lililofungwa ataonekana vizuri kabisa, mpaka mikunjo ya koti lake, kwa kuwa amekaa.

Kamera haina hitilafu. Mtu anayetembea mwendo wa kawaida huenda kama mita 1.4 kwa sekunde. Mwili wake una upana wa nusu mita hivi, kwa hiyo kila mahali anapopita anapaziba kwa theluthi moja tu ya sekunde. Katika sekunde 30 hiyo ni sehemu moja kati ya themanini na kitu. Sehemu zote zilizobaki kamera inapokea mwanga wa ukuta ulio nyuma yake, na ukuta unashinda. Mwenye taa huacha mstari kwa sababu taa yake ni kali kuliko kilicho nyuma yake. Asiye na taa haachi kitu. Muuza kahawa anayepita na birika lake juu ya makaa anaweza kuacha uzi mwembamba wa rangi ya chungwa, usawa wa goti, uzi ambao hauna mkono unaoubeba.

Hapo ndipo suala la ufundi linapogeuka kuwa swali la falsafa, na kwa mji wenye misikiti na makanisa kila mtaa, swali la dini pia. Watu wale walikuwepo. Kamera ilikuwa wazi muda wote ikiwatazama, haikupepesa hata mara moja. Picha inayosema hawakuwepo inasema kweli au uongo? Na kama jicho linalotazama kwa muda mrefu zaidi ndilo linaloona watu wachache zaidi, tunapaswa kufikiri nini kuhusu kuona kwenyewe, na kuhusu Yule ambaye waumini wanasema anatazama bila kusinzia?

Jambo hili lina umri sawa na upigaji picha wenyewe. Mwaka 1838 Louis Daguerre alielekeza kamera yake kutoka dirishani kwenye barabara ya Boulevard du Temple mjini Paris. Ilikuwa mchana, lakini sahani zake za fedha zilihitaji dakika kadhaa kupokea mwanga wa kutosha. Magari ya farasi na umati wa watu vilipotea vyote. Akabaki mtu mmoja aliyesimama mahali pamoja akipigwa kiwi viatu, na mbele yake, kwa ukunguukungu, yule aliyekuwa akimng'arishia. Mara nyingi hao wawili hutajwa kuwa binadamu wa kwanza kunaswa na kamera. Manzese wapiga kiwi bado wapo, na bado wao na wateja wao ni miongoni mwa wachache wanaosalia kwenye picha za namna hii.

Ukiwatazama vizuri wanaosalia, unaona kwamba kamera ina upendeleo wake. Inamweka mwenye kibanda na inamfuta anayezungusha bidhaa mkononi. Inamweka dereva wa bodaboda aliye kijiweni akisubiri abiria, inamfuta aliyempata. Inamweka ombaomba kwenye ngazi za daraja. Mwenye mahali pa kukaa anapata sura; anayehamahama, au anayeambiwa kila saa asogee, hapati. Hakuna aliyekusudia hivyo, na hata hivyo ndivyo inavyokuwa kila usiku.

Wanafikra wa zamani walikwishagombana juu ya kitu kilicho chini ya tatizo hili, nacho ni wakati. Je, wakati umeundwa kwa nukta ndogo zilizopangana, kila moja ikisimama peke yake? Au ni mtiririko mmoja, na nukta ni kitu tunachokikata sisi wenyewe kwa akili?

Mwambao wa Afrika Mashariki unalijua jibu la kwanza kwa muda mrefu, hata kama wengi hawalijui kwa jina lake. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331 alikuta watu wa madhehebu ya Shafi'i, na elimu ya tauhidi iliyofundishwa katika madarasa ya mwambao kwa karne nyingi imefuata zaidi njia ya Abu al-Hasan al-Ash'ari, mwanachuoni wa Iraki wa karne ya 10. Wanafunzi wa njia hiyo walifika mbali: walisema sifa za vitu, kama rangi na mwendo, hazidumu nukta mbili mfululizo. Mungu huziumba upya kila nukta. Bodaboda haisogei kwa nguvu zake yenyewe. Inaumbwa hapa, kisha inaumbwa hatua moja mbele, na tena mbele, na kinachoonekana kama safari ni ukarimu unaorudiwa bila kukatika. Kwa mtazamo huo picha ya haraka, ile ya sehemu moja ya elfu ya sekunde, ndiyo iliyo karibu zaidi na ukweli wa mambo, na picha ya sekunde 30 ni rundo la maumbile mengi yaliyochanganywa.

Jibu la pili lilitoka kaskazini ya bara hilihili. Agostino, aliyezaliwa mwaka 354 mahali palipo Algeria ya leo, aliuliza katika kitabu cha kumi na moja cha Maungamo yake ni wapi wakati ulipo, maana uliopita haupo tena na ujao haujafika, na uliopo hauna upana wa kushikika. Akachukua mfano wa mtu anayeimba wimbo anaoujua kwa moyo. Sehemu iliyokwisha kuimbwa imo katika kumbukumbu, inayokuja imo katika matarajio, na roho inanyooka kuzishika zote mbili. Mtu wa Manzese anayesikia adhana ya Isha anaelewa bila kufundishwa. Hasikii sauti moja moja; anasikia adhana. Kama roho isingeweza kushika kilichokwisha kupita, asingesikia chochote ila vipande.

Karibu na wakati wetu, kasisi Mkenya John Mbiti alitumia maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, kueleza wakati wa Mwafrika katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za bara hili. Sasa yake ni pana: imebeba yaliyopita punde, yanayotendeka, na yanayokaribia. Zamani ni bahari ambamo kila jambo huzama hatimaye. Alipoongeza kwamba katika fikra za jadi wakati ujao wa mbali karibu haupo, alipingwa na wengi, mwanafalsafa Kwame Gyekye wa Ghana miongoni mwao, na mtu aliyewahi kupita Chamazi au Bunju anaona kwa nini. Nyumba zinajengwa tofali kwa tofali kwa miaka mingi, na nondo zimeachwa zikichomoza juu ya paa kwa ajili ya ghorofa ambayo pengine wataijenga watoto. Lakini ile sasa yenye upana inastahili kubaki. Ndiyo inayoonekana kwenye picha ya Manzese: sekunde 30 ambazo si nukta wala si historia, bali kitambo ambacho mtu anaweza kukaa ndani yake.

Kati ya njia ya al-Ash'ari na ile ya Agostino, kamera inampa nani ushindi? Inashangaza kwamba inawapa wote wawili ushahidi. Mstari wa taa ya basi unaonekana laini, haukatiki, kama Agostino angetaka. Tazama sasa bajaji iliyowasha taa ya kukatia kona. Inaacha nukta nukta, moja hadi mbili kwa kila sekunde, na kwa kuzihesabu unaweza kujua ilichukua muda gani kuvuka makutano. Tena, umeme wa gridi ya TANESCO unapiga mizunguko 50 kwa sekunde, na taa nyingi zilizounganishwa nao, mirija ile ya madukani hasa, hufifia na kuwaka mara 100 kwa sekunde bila jicho kugundua. Mpiga picha akiizungusha kamera mkononi shata ikiwa wazi, taa ile inayoonekana tulivu inapasuka kuwa shanga za mwanga. Hata ule mstari laini wa basi, ukishuka mpaka ndani ya sensa ya kamera, ni hesabu ya chembe za mwanga zilizoingia moja baada ya nyingine. Chombo hakiwezi kuamua kesi hii. Kinaonyesha tu kwamba ulaini na chembechembe vinategemea ni nani anayetazama na kwa muda gani.

Ukitoka Manzese ukafuata Barabara ya Bagamoyo hadi Kunduchi, swali linabadilika sura. Pale, karibu na ufuo, yapo magofu ya msikiti, pamoja na makaburi ya nguzo ya karne ya 18, katikati ya mibuyu. Waliozikwa walikuwa watu wenye uwezo, na makaburi yao yalipambwa kwa sahani za kaure zilizovuka bahari kutoka China. Usiku usio na mwezi, na hasa nyakati za mgao wa umeme kama ule wa mwishoni mwa 2023, nyota hurudi juu ya vitongoji hivi.

Kamera ikielekezwa mashariki, juu ya Bahari ya Hindi, ikaachwa wazi kwa saa nzima, nyota zitachora mistari inayopanda karibu wima. Ulaya zingepanda kwa mshazari, kwa sababu ncha ambayo anga linaonekana kuizunguka iko juu huko. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na ncha ya kusini imejificha nyuzi 7 tu juu ya upeo wa macho, ndani ya mwanga wa jiji. Kwa hiyo nyota za mkanda wa Orion huchomoza baharini na kupanda moja kwa moja kama vile zimevutwa kwa kamba, nyuzi 15 kwa saa, mpaka karibu na utosi wa mtazamaji. Ni mambo machache yanayoonyesha mzunguko wa dunia kwa uwazi namna hiyo kwa mtu aliyeketi mchangani.

Na mwanga huo si wa usiku mmoja. Ule wa Alfa Sentauri, jirani wa Msalaba wa Kusini, ulianza safari yake zaidi ya miaka minne iliyopita. Wa Sirius, miaka minane na nusu hivi. Taa ya ngalawa inayopita mbele ni ya sasa hivi. Mwanga wa nyota na wa taa ukitua kwenye fremu moja, fremu haina pa kuandika tofauti hiyo.

Tangu zamani waumini wametafuta mfano wa namna Mungu anavyoona. Mwanafalsafa Boethius, akiwa gerezani akisubiri kuuawa karibu na mwaka 524, aliandika kwamba umilele si muda mrefu usiokwisha, ni kuwa na uhai wote kwa mara moja, na kwamba Mungu hutazama yaliyopita na yajayo kama mambo yaliyopo mbele yake. Mtu anayepiga picha usiku anaweza kushawishika kusema: basi ndiyo hii, jicho lililo wazi tu, likikusanya kila kitu katika taswira moja. Ushawishi huo ni wa kweli na unastahili kujibiwa kwa makini, kwa sababu ukikubaliwa unaleta theolojia mbaya.

Tangu miaka ya 1970 mpiga picha Mjapani Hiroshi Sugimoto alikuwa akiingia kwenye kumbi za sinema, akifungua shata filamu inapoanza na kuifunga inapokwisha. Sinema nzima, kila busu na kila mauti ndani yake, iliingia kwenye picha moja. Skrini ikatoka nyeupe tupu. Mwanga wote ulipokelewa, na hadithi yote ikapotea. Kamera haikukosa chochote na haikujua chochote.

Sababu ni moja: kamera inajumlisha. Inachukua mwanga wa sekunde ya kwanza ikaumwaga juu ya ule wa sekunde ya thelathini, na mara vikichanganyika hakuna wa kuvitenganisha. Picha ya Manzese inaweza kusema gari hili lilikuwa likienda Kimara na lile likirudi Magomeni, kwa rangi ya taa zao. Haiwezi kusema lipi lilitangulia. Jumla haina kabla wala baada.

Maandiko ambayo watu wa Temeke na Kinondoni wanayasoma hayazungumzi hivyo hata kidogo. Aya ya 59 ya Suratul An'am inapotaka kueleza ujuzi wa Mungu inataja jani moja linaloanguka. Sura ya 10 ya Injili ya Mathayo inataja shomoro mmoja, na nywele za kichwa kwamba zimehesabiwa. Malaika waandishi wa mafundisho ya Kiislamu huandika tendo kwa tendo, mtu kwa mtu. Jani, shomoro, unywele: hivyo ni vitu vidogo, vyepesi, vinavyosogea, vilevile ambavyo picha ya sekunde 30 huvifuta kwanza. Mibuyu ya Kunduchi upepo ukivuma hutoa shina kali na majani yaliyogeuka kuwa moshi. Kwa hiyo kuona kwa Mungu, kama maandiko haya yanavyokueleza, kuko mbali na kuona kwa kamera hii kuliko kulivyo mbali na macho ya mama lishe anayemtambua kila mteja anayepita mbele ya jiko lake. Kunashika kila nukta ikiwa nzima, bila kuyeyusha mmoja ndani ya mwingine. Kama mfuasi wa al-Ash'ari amekosea kuhusu wakati, hapa walau amelinda jambo muhimu: kila nukta ni zawadi inayotolewa kivyake, na aliyeipokea hawezi kufutwa na waliokuja baadaye.

Katika fikihi kulikuwa na mjadala mwingine, kama picha ya kamera inaingia katika katazo la kuchora viumbe. Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa mufti wa Misri mwanzoni mwa karne ya 20, alijibu kwamba mpiga picha hamuigi Muumba. Anakizuia tu kivuli kilichokwisha kuwepo, kama kioo kinavyopokea sura. Hoja hiyo imetulia kwa wengi, na leo harusi za Mbagala na Tandika zinapigwa picha bila wasiwasi. Lakini inategemea kwamba kivuli kilichozuiwa ni kile jicho lilichokiona. Picha ndefu ya usiku inaonyesha mandhari ambayo hakuna jicho lililowahi kuiona, barabara tupu saa ambayo haikuwa tupu. Bado si kuumba. Ni kutoa ushahidi, na shahidi ana masharti yake: katika dini zote mbili, anayenyamazia sehemu ya aliyoyaona huku akijua kwamba kunyamaza kwake kutapotosha, ana dhambi.

Hili si la nadharia. Daraja la Kijazi pale Ubungo, lenye ngazi tatu za barabara, lililozinduliwa Februari 2021, ni miongoni mwa mahali panapopendwa zaidi na wapiga picha wa usiku jijini. Inaeleweka, mistari ya taa inajipinda juu ya zege kwa uzuri mkubwa. Picha kama hizo huingia kwenye kalenda, kwenye mabango, kwenye vitabu vya wawekezaji. Mnamo Oktoba mwaka uleule machinga wa Dar es Salaam waliondolewa kando ya barabara na kuelekezwa kwenye maeneo waliyopangiwa. Kuna waliounga mkono na waliopinga, na pande zote mbili zilikuwa na sababu. Ila mtoto atakayeziona picha hizo miaka hamsini ijayo, bila maelezo, ataamini kwamba hapakuwa na watu wa kuondolewa.

Tunajua kwamba Boulevard du Temple ilikuwa imejaa watu kwa sababu mtu alisema. Samuel Morse, mchoraji Mmarekani na mmoja wa wavumbuzi wa telegrafu, alioneshwa kazi za Daguerre mjini Paris Machi 1839, na katika barua iliyochapishwa New York mwezi uliofuata alieleza kwamba barabara ile hufurika watembeao na magari, na kwamba vilivyokuwa vikisogea havikuacha alama. Sentensi chache ziliurudisha umati mzima. Wanazuoni wa hadithi za Mtume walikuwa na desturi hiyo kwa ukali zaidi: habari haikupokelewa bila kutaja nani aliisikia kwa nani. Mpiga picha wa Dar es Salaam anaweza kufanya hivyo kwa mstari mmoja chini ya picha yake, na wahariri wanaweza kuudai: Daraja la Kijazi, Ubungo, saa mbili usiku, sekunde 30, wapita njia na wachuuzi hawaonekani kwa sababu walikuwa wakitembea.